Nyaya Mbili Nilizoziunganisha

Mwaka niliokaa ugenini, mtaa wa Overport, nililala chumba cha nyuma, kwenye nyumba ya Mkongo mmoja aliyefanya kazi kiwandani, mtaa wa Jacobs. Mkewe alitoka Tanga kama mimi. Hawakunidai kodi, niliwatengenezea vilivyoharibika. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kitu chenye skrubu sijawahi kukiacha bila kukifungua.

Mke alipojifungua, mama yake akaja kutoka Tanga kumkanda. Siku arobaini, asubuhi na jioni, mzazi alikandwa tumbo, mgongo na nyonga kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto. Ya vuguvugu bibi hakuyahesabu kuwa maji. Bafuni ilikuwepo mashine ya gesi ya kuchemshia maji, ya zamani, imetundikwa ukutani. Mtungi wake ulisimama nje, chini ya dirisha.

Siku ya nne mashine ikaanza kuzima. Inawaka dakika tano, sita, halafu kimya, maji yanapoa katikati ya kazi.

"Fundi, iko nini tena?" mume aliniuliza akifunga kamba za viatu.

"Betri."

Haikuwa betri. Nikabadilisha mtungi. Nikasafisha kichujio cha maji, nikapiga mswaki kichomeo mpaka moto ukawa wa buluu safi. Kila nilipoijaribu, mlango wazi, bibi yuko jikoni, iliwaka robo saa nzima. Akiingia yeye na mwanawe, inazima.

"Wewe inakuheshimu," bibi akaniambia. "Mimi inanidharau. Au umeiambia mimi mgeni?"

"Bibi, mashine haina macho."

"Basi fundi ndiye hana."

Nilicheka. Ningefikiri badala ya kucheka, ningejiuliza ni nini kilichobadilika mlango ukifungwa. Mimi nikafuata nyaya. Juu, mahali pa kutokea moshi, palikuwa na kidude kidogo chenye nyaya mbili, na niliona kwamba hicho ndicho kinachokata gesi. Nikadhani kimezeeka. Nikakitoa, nikaziunganisha zile nyaya na kuzifunga kwa utepe mweusi.

Jioni ile mashine haikuzima. Bibi aliniletea sahani ya wali na papa mpaka chumbani, na mimi nikala nikijiona daktari.

Kesho yake asubuhi, baada ya kukanda, bibi alitoka akishikilia ukuta.

"Mzazi kichwa kinamuuma," alisema. "Na mimi kizunguzungu. Upepo wa mji huu mbaya. Jioni naziba vizuri zaidi."

Neno "naziba" lilinipita. Jioni nilikwenda nje kutazama mtungi, nikainua macho. Tundu la hewa juu ya dirisha lilikuwa limesokomezwa kanga. Vioo vimefungwa, na pembeni mwake zimeshindiliwa taulo. Mzazi hapigwi upepo. Hilo kwetu nani asiyelijua? Bibi aliziba kila alipoingia kukanda, akimaliza anazitoa nguo zake. Ndiyo maana sikuwahi kuziona. Mashine haikuwa na ugonjwa. Ilikosa hewa, ikajizima ili isiwaue, na mimi nikaiziba mdomo.

Nikafunga mtungi, nikakimbilia mlango wa bafu.

"Bibi, fungua! Hewa ya humo ina sumu!"

"Una wazimu? Mzazi yuko uchi! Na maji yamekuwa baridi!"

"Fungua dirisha basi!"

"Dirisha? Mwanangu ana siku kumi na mbili tu tangu ajifungue!"

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Sikukisukuma. Mwanamume haingii anapokandwa mzazi, na hata wakati ule, nikijua ninachokijua, mwili wangu ulikataa. Kisha nikasikia beseni likianguka, na bibi akimwita mwanawe mara mbili bila kujibiwa. Nikarudi nje mbio, nikavunja kioo kwa spana, nikaing'oa ile kanga, uso nimeugeuzia pembeni.

Mzazi alizinduka ukumbini, alikoburutwa na bibi, amefunikwa shuka, midomo imepauka. Hospitali walimwekea hewa ya puani, siku mbili. Mtoto, aliyekuwa amelala chumba cha mbele, alilishwa kwa chupa.

Mume alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Eish, ndugu yangu. Bila ile kioo kuvunjika..." Nilitazama viatu vyake. Bibi hakunishukuru. Mpaka leo anasema mwanawe aliangushwa na upepo niliouingiza. Wa kumwambia habari ya nyaya ni mimi, na mimi sikumwambia yeye wala mkwewe.

Walipokuwa bado hospitalini nilifungua utepe, nikazitenganisha nyaya, nikakirudisha kile kidude. Wiki ile ile bibi akaziba tena, na tundu la kioo akalishindilia mto. Nilimweleza mara ngapi sikumbuki. Alinisikiliza kama mtu anayengoja redio ibadilishe kipindi. Dakika tano, mashine ikazima.

"Fundi!" aliita kutoka ndani. "Umeiharibu tena?"

"Ndiyo, bibi," nikajibu, na kwenda jikoni kuteleka sufuria ya maji.