Darubini Niliyoitetea

Chifu wa ulinzi mgodini kwetu, Kolwezi, alituuliza sisi walinzi ni bunduki gani ya nusu-otomatiki itakayotufaa kwa kazi zote: fupi na nyepesi, au ndefu yenye darubini. Mwenzangu Ilunga alitaka fupi. Mimi na digrii yangu tukabisha mpaka nikapewa ndefu niijaribu, bila risasi.

Ukweli, nilitaka tu kuona kutoka getini jinsi Chantal wa kantini, ninayempenda, anavyomchekea Ilunga. Nikaweka jicho kwenye darubini. Walikuwa wanakula bukari, ugali wetu, sahani moja!

Ghafla kantini nzima ikalala chini.

“We muntu! Unapenda kuua batu?” chifu akafoka nyuma yangu.

Jicho langu lilikuwa bado palepale: Ilunga alikuwa amemfunika Chantal kwa mwili wake.