Darubini Huanza Miguuni

Nakumbuka siku moja shambani kwetu Mtunda, mwanangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Babu yako alikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilishaziba, la kushoto lilikuwa linafuata, na hamu yake ilikuwa moja tu: aione sayari ya Zohali na pete yake, aliyosimuliwa na mwalimu wake wa madrasa, kabla giza halijamfika.

Baba yako, kaka yangu, alikuwa baharia. Akamletea darubini kutoka ng'ambo, boksi limeandikwa kwa herufi nene kwamba inakuza mara mia sita. Baada ya magharibi tukaipandisha kwenye dungu, kibanda kile cha juu ya nguzo tunacholindia mpunga. Loo! Mrija mrefu kama mchi, stendi nyembamba kama njiti za kiberiti. Mzee akiinama tu, dungu na stendi vinatikisika, Zohali inaruka kiooni. Baba yako akazidi kukuza, nayo ikazidi kutetemeka na kufifia.

Mzee akainuka. "Dungu huanza kwa nguzo," akasema. "Ninyi mmeanza na paa."

Kabla mpunga haujavunwa, jicho lile nalo likaziba. Hakuiona. Wallahi, ningejua boksi lile lilikotengenezwa, ningelirudisha kwa miguu.

Na wewe jana unanionyesha kwenye simu boksi la darubini unayotaka kununua, majigambo yaleyale, unaniambia, "Shangazi, hii ni kali!" Kali kwa nani? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Damu moja, kosa moja!

Sikiliza basi. Usiulize inakuza mara ngapi. Uliza kioo chake kina upana gani, maana kioo kipana ndicho kinachokusanya mwanga. Mrija uwe mfupi, uingie kwenye begi, upande nao bodaboda bila kumsumbua mtu. Stendi uigonge kwa kidole mbele ya muuzaji. Ikitetemeka na haitulii, mwachie mwenyewe. Ukifika nayo shambani, iweke chini kwenye udongo mkavu. Dungu tuachie sisi na ndege wetu.

Tena usikawie, kwani macho yangu nayo yameanza ukungu. Mungu akupe subira ya kuchagua, mwanangu, na mimi anijaalie niione pete ile, nikamsimulie babu yako huko aliko.