Laini ya Mzee Isizime

Baba mkwe wangu alipofariki, vitu vyake viligawanywa kwa utaratibu wa boma. Kiti kilikwenda kwa mwana mkubwa, baiskeli kwa wa pili, koti kwa mdogo wake. Laini yake ya simu ilikosa mtu. Walisema si vizuri nambari ya marehemu ilie mfukoni mwa mtu aliye hai. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, Mkuria kutoka Migori katikati ya Wajaluo wa Kendu Bay, na laini yangu ilikuwa imeharibika. Nikasema, basi nipeni mimi. Walinitazama kana kwamba nimeomba jeneza.

Sikujua nimechukua nini. Mama mkwe hasomi, na kichwani mwake alikuwa na nambari moja tu, ya mumewe. Akimtaka mwanawe yeyote alimpigia mzee, na mzee ndiye aliyeita. Kwa hiyo baada ya mazishi, akinitaka mimi au mume wangu au mtu mwingine yeyote duniani, alibonyeza nambari ile ile nami nikapokea. Nilikuwa wa mwisho kuolewa katika boma lile, na sasa kila ujumbe wa mama ulipitia kwangu. Unaweza kufikiria wake wa shemeji zangu walivyofurahi.

Siku moja tukimenya njugu alinisimulia siku aliyofariki mzee. Mzee alikuwa amelazwa Homa Bay. Alikuwa na tabia ya kusikiliza redio kwenye simu mpaka chaji iishe, na asubuhi ile simu ilikuwa imezima. Mama alikaa nje ya nyumba tangu alfajiri akipiga, akiambiwa mteja hapatikani, mpaka pikipiki ikaja na habari. Mimi naye tunazungumza Kiswahili, kwa sababu Kijaluo changu kilikuwa bado kinachechemea, na Kikuria yeye hataki hata kukionja. Aliniambia, "Hata kama hangeshika. Ingelia tu, ningejua bado ako." Akaendelea kumenya njugu. Mimi niliapa moyoni kwamba nambari ile haitamfanyia hivyo tena mikononi mwangu.

Mwaka uliofuata mama alikwenda kisiwani Takawiri kumuuguza dada yake. Kabla ya kuondoka alitundika kibuyu cha mbegu zake za mahindi juu ya jiko langu, akatukusanya. Mvua ikimkuta huko, alisema, atapiga simu aseme nani ashike mbegu zake kwa niaba yake. Tusimfuate, maana dada yake ni mgonjwa sana na yeye hataki kuvutwa mkono arudi.

Hilo si jambo dogo. Kwa Wajaluo, hakuna mke wa mwana anayetia mbegu ardhini kabla ya mama mwenye boma. Shamba la mama likishapandwa, anafuata mwana wa kwanza na mkewe, kisha wa pili, hivyo hivyo mpaka kwetu sisi wa mkiani. Ukiruka foleni unaiitia nyumba yako chira, ile laana ya kukonda na kupukutika ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini. Kwetu Ukuria tuna miiko yetu, lakini huu haukuwa mmoja wao. Niliukubali kama nilivyokubali kula omena, wale dagaa wa ziwani, kila siku. Mtu huolewa na vyote.

Alipofika Takawiri mama alipiga kwa simu ya mvuvi. Simu yake mwenyewe ilikuwa imetumbukia ziwani wakati akishuka mashuani. Hakuonyesha wasiwasi. Nambari aliyohitaji ilikuwa kichwani.

Mvua ya kwanza ilikuja na radi. Radi ikapiga transfoma, na kijiji kizima kikabaki bila stima. Nyar Asumbi, mke wa mwana mkubwa, akanishauri niipeleke simu kwa kijana wa sokoni anayechaji kwa sola. Nyar Asumbi maana yake ni binti wa Asumbi, kwa sababu hapa mke huitwa kwa kwao. Mimi ni nyar Kuria. Nikaipeleka asubuhi, na kijana akaizima kama anavyozima zote, akaitia katika boksi pamoja na nyingine. Jioni nilipoiwasha, ujumbe uliingia kwamba kuna nambari iliyonipigia mchana. Nikapiga. Akapokea mvuvi yule yule. Alisema mama aliiazima tena simu yake, akabonyeza, akasikiliza, akairudisha akaenda zake. Mvuvi mwenyewe alikuwa tayari ameondoka Takawiri.

Nilipandwa na hasira ambayo haikuwa na wa kumwendea. Kijana hakuwa na kosa, nyar Asumbi pia hakuwa nalo. Nilisimama pale sokoni na betri iliyojaa pomoni, na mama alikuwa ameambiwa hapatikani. Atapiga tena, nikajiambia, na akipiga italia. Kesho yake mawingu yalitanda yakakataa kuondoka, sola ikalala, kijana akafunga kibanda. Chaji ile ndiyo niliyokuwa nayo.

Nilijaribu kwanza kutafuta simu ya vibonye niihamishie laini, maana hizo hukaa sana. Jirani yangu alikuwa nayo, lakini alipojua ni laini ya nani aliirudisha ndani ya koti. Basi nikabaki na simu yangu ya kugusa, yenye ufa kwenye kioo na betri ambayo, siku njema, ilimaliza siku moja.

Nilizima data. Kwaya ya kanisa ilikuwa na kikundi cha mtandaoni kinachotuma maombi na picha za maua kuanzia alfajiri, na ukimya wake ulikuwa baraka ya kwanza. Nilishusha mwangaza wa kioo mpaka ikanibidi kujifunika leso kichwani ili nione kitu. Nilizima mtetemo, nikaacha mlio. Niligundua simu ikikosa mtandao inahangaika kuutafuta na kumaliza nguvu, na ndani ya nyumba yangu ya mabati mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Nikatembea nayo bomani kama mtu anayetafuta maji, mpaka nikapata kwamba dirishani pa jikoni, kando ya mtungi wa maji, minara ya mtandao inasimama yote kwenye kioo. Hapo pia palikuwa na baridi. Awali niliibeba kifuani, na kila nikiitoa ilikuwa moto kama yai la kuku aliyeatamia. Betri haipendi joto.

Watoto waliokuwa wakiomba tochi niliwapa koroboi. Mume wangu, fundi wa kujenga huko Migori, alizoea kunipigia kila jioni anisimulie tofali moja moja. Nilimwambia asipige mpaka mama apige. Akauliza kama nimepata mwingine. Nikamjibu kwamba huyo mwingine ni mama yake, nikakata.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa kutoichungulia. Kila ukiwasha kioo kuona chaji imebaki kiasi gani, unaila. Nilijipangia asubuhi na jioni tu. Mkono ulikuwa ukienda wenyewe, nami nikiupiga.

Wakati huo udongo ulikuwa umelainika, na ng'ambo ya njia majirani walikuwa wakipanda. Nyar Asumbi alikuja jikoni akasimama mbele ya dirisha langu, akaitazama simu imelala kando ya mtungi. Sikumlaumu, ana watoto wengi kuliko mimi, na mahindi yakichelewa yanaliwa na viwavi. Alisema asiyekuwepo na lake halipo. Alisema pia kwamba labda mama ameshasahau mambo ya huku, na kwamba yeye, mkubwa wetu, angeweza kuingia shambani kwa mama kesho na Mungu angeelewa.

"Mungu ataelewa," nikamwambia. "Mama je?"

Akanikumbusha kwamba mimi ni mgeni, na desturi hii si yangu. Liliniuma. Nikamjibu kwamba ndiyo, si yangu, lakini simu ni yangu na bado haijazima. Nikamwomba angoje mpaka izime. Ikizima, sitasema neno. Alicheka kwa pua, lakini kesho yake hakuingia shambani. Nilimwona akipita mara nyingi karibu na dirisha kuliko kazi zake zilivyohitaji.

Asubuhi iliyofuata chaji ilikuwa imebaki asilimia nne. Sikupika. Nilikaa tu kando ya mtungi, mikono mapajani, nikiwa nimeshaamua kwamba sitaondoka hapo. Nyar Asumbi aliingia na jembe lake begani, akakaa kwenye kigoda bila kuombwa.

Ikalia, nambari nisiyoijua. Nilipokea kabla mlio haujarudia. Mama alinisalimu, akaniuliza kama mvua imefika. Hapo nikakwama. Spika inakula chaji, lakini nisipoiweka, nani ataamini neno la kupanda lililosikiwa na nyar Kuria peke yake? Niliiweka spika, nikasema nyar Asumbi yuko hapa. Mama akaanza Kijaluo, haraka haraka. Nilishika ya kutosha: mbegu za kibuyu zishikwe na nyar Asumbi, apande shamba la mama leo hii, kisha lake, na wengine wafuate kwa zamu zao. Mimi wa mwisho, kama kawaida. Nyar Asumbi aliitikia kila neno akiwa amesimama, kama mtu aliye mbele yake.

Halafu mama akageukia Kiswahili, nikajua anasema nami.

"Nyar Kuria. Ile siku nilipiga, nikaambiwa hapatikani. Nikarudisha simu ya wenyewe. Siku zote hizi nimeogopa kupiga tena." Nilisikia upepo wa ziwa ukipiga mahali aliposimama. "Leo nimejikaza. Na imelia."

Nilitaka kumwambia itakuwa ikilia siku zote, lakini kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Nyar Asumbi alipanda juu ya kigoda akashusha kibuyu. Kabla ya kutoka aliichukua ile simu iliyozima, akaifuta kwa leso yake, akairudisha taratibu kando ya mtungi.