Side quest zangu, na mzee aliyetaka kijana afike kwa mama yake

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna uzi humu watu wanabishana kama side quest zinaharibu utamu wa gemu za stori. Nilianza kuchangia kule, maelezo yakawa marefu, nimeona niyalete huku. Sijatia chumvi. Ingekuwa ya kutunga ningejipendelea kidogo.

Kwa wasiocheza: gemu hizi zina stori kuu, halafu pembeni kuna vijikazi vya hiari. Mtu anakuomba umtafutie kitu chake. Ukimpita, stori inaendelea tu. Hizo ndizo side quest.

Nilikuwa nimemaliza form four, nasubiri matokeo. Tulikaa Kijenge, mimi na mzee, wawili tu. Mama alifariki mwaka uliotangulia, tukamzika Rombo, kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Mzee alikuwa karani wa shirika la umma. Lilipobinafsishwa, akapunguzwa kazi.

Kwa hiyo kutwa tuko ndani na hatuna la kuongea. Shikamoo baba. Marahaba. Chai. Basi.

Krismasi ile Wachaga wa mtaani wote walikwenda nyumbani. Sisi tulibaki. Mzee hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Tulikula wali wetu tukisikiliza mbwa wa majirani wanavyobweka kwenye nyumba tupu.

Miaka ile mitumba ya kila aina ilikuwa imejaa madukani. Binamu yangu alikuwa na mashine ya gemu, akaniachia alipohamia Dar. Ilikuwa na gemu moja tu. Kijana mmoja mama yake alifariki yeye akiwa vitani, sasa anabeba pete ya marehemu kuipeleka kaburini, juu mlimani. Hiyo ndiyo stori kuu.

Mzee alikuwa sebuleni na gazeti lake. Siku moja akalishusha.

"Huyo kijana anakwenda wapi?"

Nikamweleza. Akavua miwani ya kusomea, akasogeza kiti.

Tangu hapo, kila mchana tukishaosha vyombo, yeye ndiye anaanza: "Haya, washa tuone." Mimi nasoma Kiingereza cha kwenye skrini, namtafsiria. Alikuwa anawasema maadui kama watu aliowajua kazini. Siku moja akacheka mpaka akakohoa. Wakuu, sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Nikaona wazi kwamba tukifika mlimani gemu imeisha, na mzee atarudi kwenye gazeti.

Nikaanza kuchelewesha. Kila kijikazi nikachukua. Nikavua samaki. Nikapeleka barua za watu.

"Ameshafika?"

"Bado, baba. Kuna bibi kapoteza mbuzi, anaomba tumtafutie."

"Mbuzi? Na mama yake je?"

Wiki za mwanzo alikuwa anauliza hivyo huku anacheka. Baadaye akaacha kucheka. Siku moja alinitazama nikichimba mawe ya kuuza karibu saa nzima, kisha akasema taratibu:

"Huyu kijana hataki kufika. Anaogopa."

Nikamjibu, "Ni gemu tu, baba."

Kesho yake alichukua gazeti akaenda kukaa kibarazani. Nikamwita, nikamwambia leo tunapanda mlima kweli. Akasema, "Endelea tu." Nikazima mashine. Sebule ikarudi kama zamani.

Jumamosi moja nikatoka sokoni, nikakuta mlango umefungwa. Mama Glory, jirani yetu, ndiye aliyekuwa na ufunguo.

"Baba yako amepanda basi la asubuhi," akaniambia. "Amesema anakwenda nyumbani. Kwani hakukuaga?"

Simu yake niliikuta kabatini.

Jumapili nikawasha gemu, nikaenda moja kwa moja mlimani. Haikuchukua hata saa moja. Kijana akafika, akaweka pete, hakusema neno. Majina ya waliotengeneza yakaanza kupanda. Nikageuka nimtafsirie mtu. Hakukuwa na mtu, na hakukuwa na cha kutafsiri.

Jumanne jioni mzee akarudi na mkungu wa ndizi, viatu vimejaa udongo.

"Nimepalilia kwa mama yako," akasema. "Majani yalikuwa yamefika hapa." Akaonyesha gotini.

Nikamwambia, "Ungeniambia, baba, tungekwenda wote."

Akakaa, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Nilikusubiri, mwanangu. Nikaona una kazi nyingi."

Nikaenda kuchemsha maji aoge.

Somo langu ni hili. Mimi nilijua namvuta mzee akae karibu nami, kumbe yeye alikuwa anatafuta mtu wa kumsindikiza. Laiti ningemuuliza swali moja tu ile Krismasi.

Mzee yupo, siku hizi anaishi Rombo. Nikienda tunapalilia wote, na bado hatuongei sana.

Kama yupo humu aliyewahi kucheza mzazi wake akiangalia, naomba atuambie waliongea nini. Leo nimekaa nisome zenu.