Msemo wa Mzee

"Tandika mkeka, mgeni kaingia." Hapa Tabora, Jumapili mchana, utausikia msemo huo kabla ya wimbo wa zilipendwa kuanza, na ukihamisha mshale wa redio utausikia tena kwa mtangazaji mwingine. Mimi ni mmoja wa watangazaji hao. Hatuoni haya. Ukipenda msemo wa mwenzako unauazima, na adabu yetu ni moja tu: siku ya kwanza unamsalimu mwenyewe hewani na kusema umeuchukua kwake. Mkikutana sokoni atakutukana kidogo, yameisha.

Msemo huo ulikuwa wa mzee mmoja wa Kanyenye aliyetufundisha kazi karibu sisi sote. Aliurekodi zamani kuwa kibwagizo cha kipindi, kwa ile sauti yake nzito, na kifua kilipomlazimisha kustaafu akaniachia kipindi na kibwagizo chake. Nilikitumia miezi michache. Lakini wasikilizaji wa Igalula na Isikizya wakawa wanapiga simu kumsalimu yeye, ilhali anayetoka jasho studio ni mimi. Niliona wivu, sina haja ya kuficha. Siku moja nikajifungia, nikarekodi maneno yale yale kwa sauti yangu huku nikiuigiza uzito wake, nikaweka muziki chini, cha kwake nikakifuta. Hakuna aliyegundua. Salamu zake ziliendelea kuja vilevile, kwa hiyo hata wivu wenyewe haukunifaa kitu.

Alipofariki nilitangaza msiba, nikaenda kuzika, nikarudi kazini. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, unakwenda, lakini huusikii.

Wiki ya tatu shemeji yake, mdogo wa mjane, alinipigia simu. Dada yake yuko eda, hatoki, na nyumba nzima haina pahali palipobaki sauti ya mumewe. Simu ya marehemu ilikuwa ya batani, ya kupigia tu. Anaomba kile kibwagizo, akiweke kwenye simu yake awe anakisikiliza.

Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Nikasema nitaleta. Nikawauliza wenzangu wa stesheni nyingine, nikitumaini mmoja wao ana kile cha mzee. Kila mmoja alikuwa amerekodi cha kwake. Siku ya kwenda nikatoa muziki kwenye kile changu, nikakitia kwenye simu yangu, nikajiambia mwenye huzuni hachambui. Nilijiambia hivyo bila hata moyo kushtuka.

Mjane wa eda haonani na wanaume wasio maharimu wake, kwa hiyo niliwekewa kiti ukumbini, yeye akakaa chumbani nyuma ya pazia la mlango. Nikatoa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu. Akaniuliza habari za watoto, nikamjibu kirefu, maana ndiyo adabu. Kisha mdogo wake akaipokea simu, akaipitisha pembeni mwa pazia.

Kikasikika mara moja. Kikarudiwa. Mara ya tatu kikakatizwa katikati.

"Mwanangu," akasema, "hebu useme wewe."

Nikauliza niseme nini, na nilijua.

"Hayo hayo ya mkeka."

Nikayasema. Sikuigiza chochote, lakini miaka ya kuiga ilikuwa imeshanikaa kooni, yakatoka vilevile. Mdogo wake akaangalia sakafu. Nikamwambia mama kwamba maneno ya mzee niliyafuta mwenyewe, kwa wivu, na kwamba hayapo tena popote. Nilimwomba radhi. Sauti yangu ilikuwa kavu, kama ninasoma matangazo ya vifo.

Simu ikarudishwa pale pale ilipopitia.

"Tangu tumzike," akasema, "kila Jumapili nawasha redio, mzee akisema tandika mkeka, najibu nishatandika. Kumbe nilikuwa nakujibu wewe."