Mgeni Ndani ya Chembe

Nilikuwa na tabia mbaya ya kutoka nje ya silabasi. Silabasi ya baiolojia ya miaka ile ya sabini ilitaka wasichana wachore chembe, yaani seli, waandike majina ya sehemu zake, basi. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimetoka chuoni, nimepewa kidato cha tatu katika shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, karibu na Sosiot katika nchi ya Wakipsigis, na mkobani nilikuwa na jarida lenye nadharia ambayo wataalamu wengi bado walikuwa wakiicheka. Nani angenizuia?

Siku moja nikafunga kitabu, nikawaeleza kwa Kiswahili.

"Zamani sana," nikasema, "chembe ilikuwa kitu chepesi. Haikuwa na chumba cha ndani. Uzi wake wa urithi ulielea tu humo. Halafu mgeni akaingia katika chembe. Akamezwa, lakini akakataa kufa. Akakaa, akaanza kupika. Nyuzi zake nyingi akamkabidhi mwenyeji, zikatunzwa pamoja na zake. Na leo mwenyeji hawezi kuishi bila mgeni."

Wasichana waliandika neno kwa neno. Nilitoka darasani nimevimba kichwa.

Siku ya nne mwalimu mkuu aliniita ofisini na hakuniambia nikae. Mwenyekiti wa halmashauri ya shule alikuwa ameitisha kikao cha Jumamosi, na ajenda ilikuwa mimi.

"Wazazi wanasema unafundisha siasa ya mashamba," akasema.

"Siasa? Mimi nimefundisha chembe."

"Hiyo hiyo. Barua yako ya kuthibitishwa kazini iko kwa mzee mwenyekiti. Amekataa kutia sahihi."

Nilicheka, kisha nikawafikiria walio nyumbani. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma chai, nami nilizaliwa katika kambi ya estate, shamba la kampuni ya chai. Walipostaafu, kampuni ilichukua nyumba yake, wakahamia kwangu, katika nyumba ya shule yenye vyumba viwili. Kule Kisii hatukuwa na hata mahali pa kufunga mbuzi. Nikifukuzwa, tungetoka watatu. Na siku zile, watu wakigombania kila ekari iliyoachwa na mzungu, mtu wa Kisii aliyeishi huku hakulitamka neno "mgeni" ovyo. Mimi nililiandika ubaoni kwa chaki.

Ijumaa jioni mama alikuwa akichambua maharagwe jikoni. Nilipomweleza, mikono yake ilisimama.

"Huyo mwenyekiti," akasema polepole, "mama yake alikuwa mtu wa kwetu Kisii. Aliletwa huku akiwa mtoto, wakati wa njaa, akabadilishwa kwa nafaka ya wimbi. Wakamtia ukoo, akawa wao kabisa. Lakini hilo halisemwi. Ukilisema, ni kama umemtoa mtu ndani ya nyumba yake."

Mama alinipa siri hiyo ili niogope. Mimi niliipokea kama rungu. Usiku kucha niliipanga sentensi yangu, na nakiri kwamba niliipenda: Mzee, kabla hujanifukuza mgeni mimi, waambie mama yako alitoka wapi.

Jumamosi alasiri halmashauri ilikaa maabara, kwa sababu ndiko kulikokuwa na viti. Walikuwa watu saba. Mwenyekiti, mzee mrefu mwenye koti zito na shamba la chai lililotunzwa vizuri kuliko shule yetu, alikaa mbele na kofia yake kichwani. Karibu nami alikuwa mfanyabiashara mwenye duka sokoni, mtu wa kutoka Nyeri, mgeni huku kama mimi. Kabla kikao hakijaanza aliniinamia.

"Mwalimu, omba tu msamaha," akanong'ona. "Ukichoma, moto hautachagua. Mimi pia niko na duka hapa."

Nilimkasirikia zaidi kuliko mwenyekiti.

Mzee alifungua daftari la msichana mmoja, lakini hakulisoma. Aliliinua juu.

"Mwalimu, hii maneno imetuumiza. Mtoto anakuja nyumbani anasema, mgeni ameingia katika chembe. Amekataa kutoka. Ati sasa mwenyeji hawezi kuishi bila yeye. Mimi nauliza mbele ya watu: chembe ya nani? Chembe yangu ni ya baba yangu!"

Nilifungua mdomo. Sentensi yangu ilikuwa tayari, imeshafika kwenye meno. Papo hapo mvua ya mawe ikaanguka juu ya mabati, mvua ile ya kwetu inayochana majani ya chai dakika kumi, na hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Mzee akageukia dirisha, akiangalia upande wa shamba lake kwa uchungu, na mkono wake, bila yeye kujua, ukainuka na kushuka, ukainuka na kushuka, kama wa mtu anayelima.

Ndipo nikaelewa. Nilikulia kwa Wakipsigis, na nilijua fika kwamba kwa wazee wao "jembe" hutoka mdomoni kama "chembe". Msichana alikwenda nyumbani na chembe, baba na majirani wakasikia jembe. Mgeni ameingia katika jembe, yaani shambani, amekataa kutoka. Mungu wangu! Hata mimi ningeitisha kikao.

Mvua ikapungua. Nilitoka nje, nikabandua kwenye ukuta wenye unyevu kipande cha ule ujani laini unaoota kwenye mawe. Nikachukua jani lake moja dogo, jembamba kuliko karatasi, nikaliweka chini ya hadubini yetu moja. Nikapasua kioo cha kwanza, nikatumia cha pili.

"Mzee, chembe niliyofundisha si ya kulimia," nikasema. "Ni hii. Njoo uione."

Mzee akavua kofia, akainama.

"Naona vyumba," akasema. "Vimejipanga. Na ndani kuna punje ya kijani, mingi."

"Kila chumba ni chembe moja. Hizo punje ndizo wageni. Jua likiingia, wao ndio wanaopika chakula cha jani. Hata chai yako, mzee, ujani wake ni wao."

"Na ukiwatoa?"

"Jani linakufa. Na wao pia wanakufa. Hawajui tena kuishi nje."

Mfanyabiashara alikohoa. Mzee hakuinua kichwa. Aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaiuliza hadubini:

"Mwalimu, mtu anaweza kujua walitoka nje? Baada ya siku mingi hivyo?"

Hapo nilijua kwamba anajua. Nilijua pia kwamba rungu langu limeletwa mkononi mwangu na yeye mwenyewe. Watu sita walikuwa wakinisubiri.

"Ukitazama tu, huwezi," nikajibu. "Ni wa nyumba hiyo. Lakini wamebaki na uzi wao mdogo, mzee. Hawakuutoa wote."

Alizitazama tena zile punje. Kisha akavaa kofia, akawageukia wenzake.

"Mtoto alisikia vizuri. Ni sisi tulisikia chembe ya shamba." Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, mfanyabiashara kwa sauti kuliko wote. Mzee akaitoa barua katika koti, akatia sahihi juu ya meza ya maabara.

Waliondoka jioni ikiingia, barafu ikiyeyuka njiani. Mimi nilibaki mlangoni, nikiona haya kwa ile sentensi niliyoipenda. Mzee alikuwa wa mwisho kutoka. Aliponifikia alisimama, akahakikisha wenzake wamefika getini, akaniambia neno moja:

"Bwairire."

Ni salamu ya jioni ya kwetu Kisii. Aliitamka kwa lafudhi ya kizamani, jinsi mama wa zamani walivyowaamkia watoto wao. Nikamjibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa sauti ya chini, asisikie mtu mwingine.