Mkono wa Mtego

Mkono wa kulia wa kocha wa ndondi haupigi ngumi mpaka kiwiko kitoe ruhusa, na kiwiko hakijawahi kuitoa tangu kilipoteguka. Unaning'inia ubavuni kama taulo, naye hupigana kwa mkono wa kushoto tu, akizunguka ulingoni upandeupande kama kaa. Ukimuuliza, hasemi ameumia hata kidogo. Hushusha sauti na kusema, "Huo ni mtego." Kabla ya kengele hukisugua kiwiko, hukunja uso, kisha hukipuliza. Wanafunzi wake nao, wenye viwiko vizima kabisa, hushusha mkono, hukunja uso na kupuliza, halafu hutandikwa upande wa kulia mpaka mashavu yanaumuka. "Mtego wenu bado mchanga," huwaambia. Nyumbani mkewe humkatia nyama, humfungia vifungo vya shati, na maji huyachota mke peke yake.

Juzi mkewe alikuwa akipanga vyombo, sufuria kubwa likateleza kutoka rafu ya juu. Kocha akalidaka hewani kwa mkono wa kulia, ulionyooka kama mlingoti. Wakatazamana.

"Baba, umepona!"

Kocha akajifanya hamnazo. Akalitua sufuria taratibu, akauteremsha mkono, akakunja uso, akakipuliza kiwiko. "Punguza sauti, mama," akanong'ona. "Kesho nina darasa."

"Sawa," akasema mkewe, akimtundikia ndoo kwenye mkono uleule. "Leo mtego ukachote maji."